Nani Atamwitikia Guyo

Jumamosi, 3 Desemba 1966

Nasahihisha mitihani tangu chai ya alasiri. Swali la tatu, haki ya taifa kujiamulia mambo yake. Wote wamenirudishia maneno yangu mwenyewe, hata pale nilipokosea. Kazi ya punda. Dada yangu Nkatha kapita na ndoo, kasema meza hii ni ya kufungia miraa, si ya kubeba Nairobi nzima. Nikamwambia anyamaze. Hakunyamaza.

Bado niko Isiolo. Afisa wa usalama hajanipokea. Jana niliambiwa hayupo. Leo pia hayupo, na gari lake lipo nje linaoshwa. Nimekaa kwenye benchi lake mpaka makalio yakafa ganzi. Mhadhiri wa siasa za kimataifa. Wanafunzi wangu wako kwenye balozi za nje. Hapa mimi ni mzee fulani mwenye miwani.

Niandike kwa mpango, maana kichwa hakina mpango. Guyo, mwanafunzi wangu wa mwaka wa mwisho, Mborana wa hapa hapa, alikuja likizo kumwona mama yake. Akashikwa kwenye kizuizi cha barabarani. Kosa lake ni hotuba. Hotuba yenyewe aliitoa darasani kwangu, kwa amri yangu. Nimekuja kumtoa. Sina kingine ninachokitaka katika mji huu.

Kiingereza ni cha vitabu vyangu. Nikikasirika naandika Kiswahili.

Jumapili, 4 Desemba

Nkatha kanivuta kanisani. Mhubiri kawaombea askari walioko njia ya Merti, kawaombea madereva, kaomba mvua. Waliofungiwa kambini hawakutajwa. Serikali imewakusanya wafugaji ndani ya seng'enge ili shifta, wale waasi wa msituni, wakose wa kuwalisha. Mifugo nayo ikakusanywa humo humo. Humo hamna malisho. Mifugo imekwisha. Nilikasirika kwamba hakuna aliyewaombea, na mimi mwenyewe sikuwaombea.

Mtindo wangu unajulikana chuoni. Vikaratasi natia kofiani, kila mtu anachota upande wake. Ukichota upande unaouchukia, shauri yako, utautetea mpaka jasho likutoke. Ndivyo mabalozi wanavyopikwa. Muhula uliopita mada ilikuwa mpaka wa kaskazini. Guyo akachota upande wa wanaotaka kujitenga na Kenya. Aliutetea mpaka darasa likasahau kukohoa. Nilimpa alama ambayo sijawahi kumpa mtu. Nilitembea kifua mbele wiki nzima. Na katika darasa lile palikuwa na mtu mwenye masikio ya kazi nyingine.

Kitu kimoja zaidi kuhusu Guyo. Mwaka wake wa kwanza alinisumbua. Kila nikimaliza sentensi anasema kwa sauti ya chini, "Hayye." Wenzake wakacheka. Nilimwita ofisini nimkemee. Akanieleza bila kuona haya kwamba kwao msemaji haachwi peke yake na maneno yake. Lazima awepo mtu wa kumwitikia, sentensi kwa sentensi. Asipokuwepo, hotuba inakufa. Nikamuuliza, kwa hiyo unakubali yote ninayosema? Akacheka. "Si kukubali, Mwalimu. Ni kukuambia nimesikia, endelea."

Nilimruhusu. Mwaka ule nilifundisha vizuri kuliko miaka yote.

Jumatatu, 5 Desemba

Afisa kanipokea. Nilijiandaa kwa mtu wa kufoka. Kumbe ni kijana mpole, kaniletea chai mwenyewe, kaniita Bwana Mwalimu. Heri angefoka.

Nikamweleza kofia, vikaratasi, kuchota. Akasikiliza yote. Akasema anaamini. Kisha akauliza swali moja: huyu kijana, moyoni mwake, yuko upande gani?

Miaka mitatu nimemfundisha. Amekula mezani kwangu. Nimesoma kila alichoandika. Na sijui. Kazi yangu yote ni kuhakikisha kwamba sijui. Nikasema hayo, kwa maneno mengi. Akaniangalia kwa huruma.

Akaongeza kwamba baba yake Guyo alitoka kutafuta ngamia kabla seng'enge haijafungwa, hakurudi. Yeye afisa anaamini mzee yuko msituni na shifta.

Masharti yake haya. Jumatatu ijayo, siku ya Jamhuri, kuna baraza kambini. Guyo asimame mbele ya watu wake, atetee upande wa serikali, kwa Kiborana, kama alivyotetea ule mwingine. Akisema vizuri, naondoka naye. Asiposema, Jumanne anapandishwa lori la mahabusu wanaopelekwa mbali, na mbali ni wapi hakunitajia.

"Si ni zoezi tu, Mwalimu?"

Maneno yangu mwenyewe. Nilitamani kummwagia chai.

Jumanne, 6 Desemba

Kibali cha kumwona Guyo hakijaandikwa. Nimetembea.

Soko la mifugo ni tupu. Zamani, nikiwa mtoto, tuliteremka na baba kutoka Meru kununua mbuzi hapa. Vumbi, kelele, watu wa Oldonyiro wanabishana na watu wa Merti, huwezi kujisikia. Sasa zimebaki nguzo za kufungia na samadi kavu. Nilisimama hapo nikasikia kengele za ngamia. Zile za mbao. Nikageuka. Hakuna kitu. Nikatembea kidogo, zikaanza tena.

Nilimwambia Nkatha nikitegemea acheke. Hakucheka. Alisema kila mtu mjini anazisikia, hata wanaouza nguo. Akaniambia nile githeri kabla haijapoa.

Nimeandika vitabu kuhusu mipaka ya nchi hizi mpya. Mpaka huu nimeuchora ubaoni kwa chaki kila mwaka. Sikuwahi kuteremka kutoka mlimani kuja kuutazama.

Jumatano, 7 Desemba

Nimemwona. Askari wa mlango ni Mturkana wa Ngaremara, mteja wa Nkatha, shavu limejaa miraa. Kanipitisha na maneno: "Profesa, hapa mtu akisoma sana analala ndani. Mimi sikusoma, angalia, niko nje." Nilimpa sigara. Nilipaswa kumpa kofi.

Guyo amekonda. Shati limekuwa kubwa. Alisimama nilipoingia, kama darasani. Swali lake la kwanza: amepata ngapi kwenye mtihani? Nilikuwa sijafika karatasi yake. Nilisema amefaulu sana. Akafurahi kweli.

Nikamweleza masharti. Akakataa kabla sijamaliza. Nikamwambia ni zoezi, amefanya magumu kuliko hili. "Mwalimu," alisema, "darasani hakuna mama."

Nikabishana naye. Nilitumia hoja zangu zote, na nina nyingi. Hakusema "hayye" hata mara moja. Nilitoka nimechoka kama niliyelima shamba la mtu.

Ijumaa, 9 Desemba

Kambini. Nkatha anapeleka miraa kwa askari wa lango, kwa hiyo anajulikana, kwa hiyo nimeingia. Nyumba za ngozi na mikeka zimebanana ambapo zamani zingetawanyika umbali wa siku nzima. Watoto hawakimbii. Hilo ndilo lililonitisha. Watoto wengi hivi na hakuna anayekimbia.

Mama Guyo ni mrefu, kanyooka. Salaam aleikum, nikaitika nijuavyo. Akanikaribisha buna, yale mabuni ya kahawa wanayokaanga na maganda yake kwenye samli kwa ajili ya mgeni. Samli hakuna. Aliyachemsha kwa maji akaniomba radhi, mara ya kwanza, mara ya pili, mpaka nikaona aibu. Nilikula yote. Machungu ajabu.

Nilimweleza. Kiswahili chake ni kidogo lakini alishika kila kitu.

"Wewe ndio mwalimu ya mtoto yangu?"

Nikasema ndiyo.

"Ulimfundisha kusema. Sasa mwambia yeye aseme."

Nikamuuliza kama ameelewa atakachosema, na mbele ya nani. Akaniangalia kama mtu anavyomwangalia mtoto wa darasa la kwanza. Ameelewa. Mume amekwenda, ngamia wamekwisha, mtoto ni mmoja. "Mwambia mama amesema aseme. Mimi nitakuwa hapo."

Habari ya mumewe akaianza mwenyewe, bila kuulizwa, kwamba yule si mtu wa bunduki. Yule ni mtu wa ngamia. Kisha akakusanya vikombe.

Kurudi nyumbani kengele zilinifuata mpaka mlangoni.

Jumapili, 11 Desemba

Nilimpelekea Guyo salamu za mama yake. Akauliza, amesema hivyo kwa mdomo wake? Nikaapa. Akafunika uso. Alipoondoa mikono alikuwa amekwisha kukubali. Nilitegemea nitafurahi. Nilijisikia mwizi.

Tukatayarisha hotuba. Hapa niandike ukweli. Tulipoanza, nilisahau tuko wapi. Nikawa mwalimu. Guyo naye akawa Guyo, hoja ya kwanza safi, ya tatu inauma. Ya pili ilikuwa imelegea: anayebaki msituni na bunduki si mwenzetu. Nikamwambia imelegea. Nikamwambia nimwambiavyo kila mwanafunzi, hoja haina uzito kama haimgusi msemaji mwenyewe.

Kisha akasema sawa, Mwalimu, nitaikaza.

Nilikuwa nimefika mlangoni aliponiuliza, nani ataniitikia? Nikasema watapiga makofi, wamelazimishwa. Akasema hazungumzii makofi.

Mdomo huponza kichwa, anasema Nkatha. Mdomo wa nani na kichwa cha nani, hakusema. Sijala.

Jumatatu, 12 Desemba

Nimalize.

Bendera. Watoto wa shule wakaimba. Afisa akasema yake, mkalimani akatafsiri, watu wakapiga makofi walipoonyeshwa. Wanaume upande mmoja, wanawake upande mwingine, wote wamekaa chini kwenye jua. Mimi nimewekwa kwenye kiti nyuma ya afisa, kama mgeni wa heshima. Mkalimani alitunong'onezea sisi wawili.

Guyo akaletwa amevaa koti langu. Alianza vizuri. Sentensi ya kwanza, akaacha nafasi.

Kimya.

Sentensi ya pili, akaacha nafasi. Kimya. Mimi nimekaa kwenye mikutano mingi ya watu waliokasirika. Watu waliokasirika wanakohoa, wananong'ona. Hawa walikuwa wanaangalia mchanga. Guyo akaanza ya tatu, ikakatika katikati. Akafungua mdomo, hakuna kitu. Afisa akageuza kichwa kumwangalia askari aliye karibu na lori. Nikajua tumempoteza.

"Hayye."

Sauti ya mwanamke. Si kubwa. Mama yake alikuwa amesimama katikati ya wanawake waliokaa. Wanaume wakageuka wote. Kwao, kwa ninavyojua, si mwanamke anayeitikia barazani. Mzee mmoja akamwambia kitu kikali. Hakumtazama. Alikuwa anamtazama mwanawe.

Guyo akaanza upya ile sentensi iliyokatika. Hayye. Ya nne. Hayye. Akaendelea, na yeye akaendelea, kana kwamba wako peke yao nyumbani na mtoto anasimulia alichokiona kisimani. Serikali ni yetu. Hayye. Mpaka ni mpaka. Hayye. Mkalimani alikuwa ananong'ona na mimi nilijua kinachokuja, hotuba niliipanga mimi. Nilijua hoja ya pili inafuata.

"Anayebaki msituni na bunduki si mwenzetu," alisema Guyo. Akavuta pumzi. "Hata akiwa baba yangu."

Hiyo hatukuiandika. Hiyo ndiyo kukaza kwake. Niliinamisha kichwa nikaona viatu vyangu.

Mama hakuitikia. Nikasikia bendera inapigapiga. Nikasikia mtoto analia mbali, akanyamazishwa. Guyo alisimama anangoja, na nilijua asipopata jibu hataweza kusema tena, si hapa tu, popote.

"Hayye," alisema mama yake.

Alimaliza. Afisa akapiga makofi, wote wakapiga. Mama Guyo akaketi. Wanawake waliokuwa karibu naye walisogea, kila mmoja kidogo, mpaka akabaki na nafasi yake pande zote.

Jumanne, 13 Desemba

Afisa kanipa kibali cha Guyo, kimepigwa muhuri. Alikuwa amefurahi. "Umesikia, Mwalimu? Mama wa watu ametuunga mkono mbele ya kambi nzima." Ataandika hivyo kwa wakubwa wake.

Nilijua maana ya neno lile. Ningeweza kumfundisha, mimi ninayefundisha kila mtu. Nikasema asante nikachukua kibali.

Tulipita langoni. Mama Guyo alikuwa ndani ya seng'enge, tayari. Hawakuongea mengi. Alimwekea mkono kichwani kupitia waya, akanong'ona dua. Akataka kurudisha koti langu, eti Guyo asionekane ameiba. Nikamwambia ni la mwanawe. Kibali ni cha mtu mmoja. Nilimwomba afisa cha pili, akasema yule mama yuko salama pale, watu wake wako pale.

Watu wake. Nkatha kaniambia kwamba asubuhi kisimani walimwacha achote wa mwisho. Nkatha kamletea sukari na majani ya chai na sasa anasema atampelekea kila wiki, na mimi nisijifanye nimempa wazo hilo.

Guyo hakusema neno mpaka Nanyuki. Wala mimi. Nilifungua mdomo mara nyingi. Kila nilichotaka kusema kilikuwa hoja.

Jumamosi, 31 Desemba

Nairobi. Sura ya nne ya kitabu haisogei. Naandika sentensi, nafika nukta, nasikia lile neno kwa sauti ya Mama Guyo, kama ananiambia endelea. Sitaki kuendelea. Nimefuta ukurasa mzima.

Kengele sizisikii huku. Nilidhani nitashukuru.

Guyo anakaa chumba cha wageni. Anaosha vyombo, anasoma, anasali, anasema asante. Karatasi yake ya mtihani nimeisahihisha. Nzuri sana. Nimemwekea mezani, haijaguswa.

Alhamisi, 12 Januari 1967

Darasa la kwanza la muhula. Guyo alikaa nyuma. Nilifundisha saa nzima, kila baada ya sentensi naacha nafasi bila kukusudia. Wanafunzi wapya wakadhani ni madaha. Guyo aliandika kila kitu. Hakuitikia.

Kofia niliiacha nyumbani. Mmoja aliyesikia sifa zake aliulizia. Nikasema imepotea.

Alasiri Guyo alikuja ofisini. Akafunga mlango, akakaa, akaangalia mikono yake. Akasema Nkatha ametuma habari na dereva wa lori. Baba yake amepatikana. Mifupa, fimbo yake, na kengele ya ngamia, huko njia ya Merti. Hakukuwa na bunduki. Inaonekana amekuwa hapo tangu mwaka juzi.

Niliona nakaribia kusema jambo la maana, nikajizuia.

Guyo akaanza kuzungumza. Kuhusu baba yake, jinsi alivyowaita ngamia kwa majina. Sentensi moja. Akaacha nafasi.

"Hayye," nikasema. Lilitoka vibaya, kwa lafudhi ya Kimeru. Akainua macho.

Akasema ya pili. Nikaitikia. Mambo aliyoyasema siyaandiki hapa, si yangu. Yako upande gani sijui, na sikuuliza. Karatasi zilikuwa mbele yangu na kalamu ilikuwa karibu, sikuzigusa. Watu walibisha hodi wakachoka wakaenda. Alisema mpaka jua likaondoka dirishani, na mimi niliitikia mpaka alipomaliza.